Dozi ya Daktari Ng'wandu

Mzee Masumbuko alikuwa na imani moja kuhusu simu: kwamba Mwanza ni mbali, na sauti haiwezi kufika huko bila kusaidiwa. Kwa hiyo alipompigia kaka yake, akiwa amesimama nje ya stesheni ya Soga, aliisaidia kwa nguvu zake zote. Abiria waliokuwa wakisubiri treni ya Dar wakajua kwamba mke wake ana saratani ya titi. Kwamba dawa ya kwanza ilimsaidia, kisha ikagoma. Kwamba Jumatano madaktari wanataka kumwanzishia dawa mbili kwa pamoja. Na kwamba ng'ombe wameuzwa mpaka limebaki dume moja la maana, lile jekundu, nalo ndilo linalotakiwa kwenda mnadani kwa ajili ya hiyo Jumatano.

"Kuuza nauza!" alipiga kelele. "Lakini hata ile ya kwanza si walisema itafanya kazi?"

Watu wenye haya waliangalia pembeni. Ponsiano hakuwa na tatizo hilo. Alikuwa ameegemea pikipiki yake akichokonoa meno, na katika hadithi yote ile ya majonzi alichokisikia vizuri ni dume.

Tumtambulishe kijana kwa heshima anayostahili. Ponsiano alizaliwa Misugusugu, akakulia Misugusugu, na Shinyanga aliijua kwa taarifa ya hali ya hewa redioni. Zamani, alipokuwa na kazi ya halali, alifunga vipaza sauti kwenye kumbi za semina pale Kibaha. Huko ndiko alikopata elimu yake ya juu. Alihudhuria semina za ufugaji wa nyuki, za haki za walaji, za mabadiliko ya tabianchi, na moja ya wataalamu wa saratani iliyorudiwa mara kadhaa, ambayo aliipenda mno. Aliishika neno kwa neno, isipokuwa mwisho wake, kwa sababu kila ilipokaribia mwisho yeye alikwenda jikoni kuiwahi supu kabla ya maprofesa. Msomaji aiweke supu hiyo akilini.

"Mwangaluka, baba!" alisema, akisogea huku ameinamisha kichwa kwa adabu.

Mwangaluka ni salamu ya Kisukuma ya asubuhi, na saa hiyo jua lilikuwa linaelekea kuzama. Lakini Msukuma aliyehamia Pwani na ng'ombe wake, akisikia salamu ya kwao ghafla, hana muda wa kuangalia jua. Mzee Masumbuko akayeyuka.

"We kijana, kumbe mtu wa nyumbani!"

"Daktari Ng'wandu, baba. Wa Shinyanga. Samahani, nimesikia kidogo ulivyokuwa unaongea."

"Umesikiaje? Mbona nilikuwa nanong'ona?"

"Sisi madaktari tuna masikio. Kaa hapa nikwambie kwa nini ile dawa imegoma, maana hospitali hawana muda wa kumweleza mfugaji."

Wakakaa. Na hapa lazima tumpe Ponsiano haki yake: kila alichosema mwanzo kilikuwa kweli tupu. Mjanja mbichi hudanganya tangu salamu. Mjanja aliyeiva hutanguliza ukweli mwingi, halafu uongo mmoja anaupandisha juu kama abiria wa mwisho.

"Kila seli ya mwili, baba, ina maelekezo yake ndani. Yanaitwa vinasaba, DNA kwa jina la kitaalamu. Dawa ya hospitali inakwenda kuyakata yale maelekezo. Yakikatika vya kutosha, seli ya saratani inakufa. Sawa?"

"Sawa."

"Sasa nyingine zina mafundi. Dawa inakata, fundi anaunga. Inakata, anaunga. Hizo ndizo zinazobaki, zinazaana, na ugonjwa unakuwa sugu."

"Shenzi!" alisema Mzee Masumbuko, kwa uchungu wa mtu aliyewahi kuwa na fundi. "Na hao mafundi wanakula nini?"

"Hapo umeuliza kisomi! Wanapenda sukari. Lakini ukidhani utawanyima sukari wafe, wanahamia kwenye mafuta. Ng'ombe wako kiangazi nyasi zikiisha wanakula nini?"

"Majani ya vichaka."

"Basi. Saratani ni mfugo usiochagua malisho."

Kwa mara ya kwanza tangu mkewe aanze kuumwa, mtu alikuwa amemweleza mzee jambo akalielewa, na kuelewa kunaleta faraja ambayo ni rahisi kuichanganya na kupona. Ponsiano akaona mlango uko wazi, akampandisha abiria wake wa mwisho.

"Mimi nina unga. Unawafunga mafundi midomo, hawali sukari wala mafuta. Ila haupatani na dawa za hospitali. Mgonjwa aache zile kwanza, hiyo Jumatano asiende. Malipo yangu ni lile dume tu, maana sitaki kumkamua ndugu. Na wewe nakufanya wakala wangu, Kibaha yote."

Mzee Masumbuko alimpenda mkewe, na asitokee mtu wa kusema vinginevyo. Lakini hofu ikikaa sana moyoni hukaribisha wageni, na jioni ile mgeni wake alikuwa tamaa. Alijiona amekaa Kibaha mjini, mke mzima pembeni, watu wamepanga foleni kwa wakala. Wakakubaliana dume lichukuliwe Jumanne alasiri.

Jumapili Ponsiano alipanda pikipiki hadi Masaki, Kisarawe, ambako mali ghafi za sayansi hupatikana kwa bei nzuri. Kwa Bi Kidawa, muuza muhogo na mkaa, alitaka unga wa muhogo na vumbi la mkaa lililobaki chini ya magunia.

"Vumbi la nini, mwanangu?"

"La kuku, shangazi."

"Bei ni hiyohiyo, awe kuku awe mtu."

"Hee, shangazi! Unanifanyia hivyo mimi Mzaramo mwenzio? Mimi wa Maneromango, babu yangu kazikwa pale!"

Bi Kidawa akapunguza bei, kwa sababu damu ni nzito. Ponsiano aliondoka akifurahi kwamba katika mkoa mmoja ana makabila mawili na hakuna hata moja alilolilipia kodi.

Jumatatu alipeleka kopo la kwanza nyumbani kwa Mzee Masumbuko. Mgonjwa mwenyewe, Mwashi, alikuwa amekaa kwenye kigoda kivulini, kitambaa kichwani pale ambapo nywele zilikuwa zimenyonyoka. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye macho yasiyo na haraka.

"Mwangaluka, mama!"

"Daktari, saa hizi ni jioni," alisema Mwashi. "Msukuma gani anakuamsha jua likizama?"

Mzee Masumbuko akageuza shingo. Ponsiano hakupepesa hata jicho.

"Mama yangu, miaka ninayokaa na Waswahili wa Dar! Lugha imeshika kutu. Nikikumbuka bibi yangu alivyokuwa ananisahihisha hivyohivyo..." Akapangusa jicho ambalo halikuwa na kitu.

"Unaona?" Mzee alimwambia mkewe kwa lawama. "Umemliza mtoto wa watu."

Daktari alipoondoka Mwashi alijaribu kumwambia mumewe, taratibu, kwamba yeye Jumatano anataka kwenda. Mzee akamjibu kwamba safari hii wamepata mtu wa nyumbani anayeeleza mambo yakaeleweka. Mwashi akaingia ndani, akalia. Hakuogopa kufa kama alivyoogopa kufa kwa ujinga, wakati treni inapita anaisikia.

Jioni ileile Bi Kidawa alifika kumjulia hali na mfuko wa mihogo. Walikuwa watani kabla ya kuwa marafiki: Wazaramo na Wasukuma wanataniana tangu enzi za misafara, na mtani ana ruhusa zake. Akichukua kofia yako unacheka. Akichukua kuku wako unacheka huku unameza mate. Kukasirika ni aibu kuliko kuibiwa.

"Mla michembe ya viazi, hujafa tu?"

"Nife halafu ngoma mtapata wapi, Wazaramo?" alisema Mwashi, na akamwonyesha kopo.

Bi Kidawa alinusa, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema. "Mtani, huu ni muhogo wangu. Na huu mkaa wangu. Nimemuuzia jana kijana mmoja wa Maneromango."

Mwashi akaanza kucheka mpaka akashika kifua.

"Leo nimempiga kwa salamu yake, akajiunga palepale, mbele ya macho yangu. Kwetu anakula Usukuma, kwenu anakula Uzaramo. Huyu si daktari, Kidawa. Huyu ni ugonjwa wangu wenyewe umevaa suruali."

"Twende tukamwambie mumeo."

"Ukimwambia peke yake, kesho kijana atakuja na uongo mpya. Hospitali walinieleza: sugu humpigi upande mmoja. Njoo kesho, na kaka yako Mwinshehe, na akina mama wenye sauti."

Jumanne alasiri dume jekundu lilikuwa limefungwa kamba, na vijana wa ukoo wamekaa uani kushuhudia. Ponsiano alikuwa ndio kwanza ameipokea kamba wakati vigelegele viliposikika barabarani. Bi Kidawa aliingia mbele, Mwinshehe nyuma, akina mama wakifuata.

"Wasukuma hodi! Nimekuja kumchukua ndugu yangu wa Maneromango!"

"Ndugu yako nani?" Mwashi aliuliza kwa mshangao ambao ungemfaa mwigizaji. "Huyu ni Ng'wandu, wa Shinyanga."

"Msukuma? Afadhali! Basi ni mtani wangu. Mwinshehe, chukua pikipiki."

Mwinshehe alikuwa mtu wa vitendo. Ufunguo ukatoka, pikipiki ikasogezwa upande wa Wazaramo, akina mama wakashangilia. Ua wote ukacheka, na Mzee Masumbuko zaidi, kwa sababu utani mzuri haujali unampata nani.

Ponsiano naye alicheka. Kisha akaona pikipiki inavuka mlango wa ua.

"Jamani, shangazi! Mimi si Mzaramo mwenzio?"

"Mzaramo?" Mwashi akapiga makofi. "Kumbe mtani wetu sisi! Vijana, mnangoja nini?"

Vijana hawakungoja. Koti likaenda, viatu vikaenda, kamba ya dume ikarudi ilikotoka. Lakini fundi ni fundi. Katikati ya msiba wake Ponsiano akapata kiungo kipya.

"Sikilizeni! Mama yangu Msukuma, baba Mzaramo!"

"Vizuri mno," alisema Bi Kidawa. "Basi upande wa mama tunachukua sisi, upande wa baba wanachukua wao. Na suruali utajitania mwenyewe."

Wakamsogelea, wengine kushoto, wengine kulia. Ponsiano akashika mkanda kwa mikono miwili.

"Mimi si Msukuma wala Mzaramo!" alilia. "Mimi Ponsiano, wa Misugusugu! Niacheni!"

Kicheko kikakatika. Mzee Masumbuko alikuwa wa mwisho kunyamaza, na alipoelewa uso ulimbadilika.

"Kwa hiyo hata udaktari..."

Ponsiano aliangalia viatu vyake mikononi mwa vijana.

"Hadithi yako nzuri, daktari," Mwashi alimwambia. "Lakini ina mwisho, mbona hukuusimulia? Saratani kama yangu fundi wake mmoja ameshaharibika tangu zamani. Anabaki wa pili. Hiyo dawa ya kesho inamziba huyo wa pili wakati nyingine inaendelea kukata. Hakuna pa kukimbilia."

"Sehemu hiyo," Ponsiano alisema kwa sauti ndogo, "nilikuwa kwenye supu."

Mzee Masumbuko aliinua fimbo. Alikuwa na hasira na kijana, lakini hasira kubwa ilikuwa juu yake mwenyewe, na hiyo haina mgongo wa kuichapa. Aliitupa fimbo, akamwendea mkewe, akachuchumaa mbele ya kigoda.

"Ningekuua, mama Shija."

"Ungeniua," alisema Mwashi. "Inuka. Dume liwahi mnadani."

Kisha akamgeukia Ponsiano. "Na wewe, kuna kituo cha polisi na kuna stesheni. Ukichagua stesheni, pikipiki yako itanipeleka na kunirudisha kila siku ya kliniki, na wewe ndiye utakayeendesha. Siku nyingine italala hapa."

Ponsiano alichagua stesheni, na hivyo ndivyo tapeli wa Misugusugu alivyopata ajira ya kudumu isiyo na mshahara. Jumatano ileile alimpeleka Mwashi Soga, polepole, akikwepa mashimo. Miezi ikapita. Nywele za Mwashi zilianza kurudi. Hospitali walimwambia kwamba uvimbe umepungua, na wakamwambia pia wasiimbe mapema. Dume jekundu halikurudi, na Mzee Masumbuko hakuwahi kulitaja.

Ponsiano naye akatulia. Alikuja kabla ya kuitwa, alisema shikamoo badala ya Kisukuma cha kuokoteza, na siku moja alinunua machungwa kwa hela yake. Mzee Masumbuko, ambaye moyo wake ulikuwa bado unaamini watu kwa urahisi, aliguswa.

"Mama Shija, kijana si amepona? Mpe ufunguo wake aende nyumbani."

Mwashi aliugusa ufunguo pale alipokuwa ameufunga, kwenye pindo la khanga. Alimwangalia Ponsiano. Ponsiano aliangalia ufunguo, kisha haraka akaangalia machungwa.

"Na mimi najisikia vizuri, baba Shija," Mwashi alisema. "Lakini dozi haijaisha."