Kura Kumi na Moja za Mzinga

Jumatatu, tarehe 7 Julai

Baridi kali. Nimeamka na wazo. Mawazo yangu mazuri huja wakati wa baridi, nadhani kwa sababu sitoki kitandani.

Kikosi chetu cha Moshi kimejaza ghala! Miezi mitatu tunachimba. Mchana mji wetu wote wa Likasi unachimba shaba, jioni sisi tunafungua simu na kuchimba tena, mle ndani ya mchezo, ili tupate silaha za kuzuia mashine zisivuke daraja. Hakuna wa kutuonea huruma. Sasa mali imetosha kufungua kitu kimoja cha kikosi kizima, na sheria ya mchezo ni kura: kila mwanachama kura moja, mwisho Ijumaa jioni. Jumapili mashine zinakuja. Daraja likianguka, ghala lote linafutwa.

Nimependekeza Radi. Radi ni mzinga mmoja, mrefu, mweusi, unaangusha mashine tatu kwa mpigo. Na anayependekeza ndiye anayeushika. Sheria hiyo sikuitunga mimi, ila naipenda sana.

Georges amependekeza ngao kumi, kila mtu yake. Georges ndiye kapiteni wetu, na ni mume wa dada yangu Carine. Naishi kwao hapa mtaa wa Shituru. Nilikuja kwa wiki mbili kutafuta kazi ya umeme. Huu ni mwaka wa tatu. Leo, mbele ya kikosi kizima, kwenye kipaza sauti, amesema: "Mutoto, weye ubebe tu masasi." Mbeba risasi, mimi! Nina miaka thelathini na miwili! Watu walicheka. Blaise, mwenzetu wa kikosi, alicheka mpaka askari wake wa kwenye simu akatumbukia mtoni.

Niseme ukweli hapa, maana hakuna anayesoma: iliniuma. Sitaki utajiri. Nataka Jumapili Georges anione na Radi mkononi, aseme kumbe Rolly naye ni mtu.

Jumanne, tarehe 8 Julai

Kampeni! Wanachama ni kumi. Nahitaji sita.

Nimemfuata Blaise pale anapoegesha pikipiki yake kungoja abiria. Nimempelekea mandazi manne. Amekula yote manne, akajipangusa mdomo, akasema kura ni siri ya moyo. Shekina, yule anayeuza vocha karibu na reli, ameuliza kwa nini mzinga apewe mtu ambaye wiki iliyopita alipigana nusu saa akitazama ukuta. Ilikuwa dakika kumi. Numbi, naye wa kikosi, hata hakupokea simu.

Jumla ya kura zangu: moja. Yangu.

Halafu, nikiwa naoga, mwanga! Nani kasema wanachama lazima wawe kumi? Yeyote mwenye simu anaweza kuingia. Na katika Likasi yote yupo mtu mmoja ambaye Georges hawezi kumpinga kamwe. Mama yetu, Mama Marceline. Mama mkwe wake!

Georges ni Mluba wa zamani aliyezaliwa juzi. Hakai chumba kimoja na mkwe wake. Hali mbele yake. Jina lake halitamki. Akiona kitenge chake kwa mbali anavuka barabara, na akisalimiwa anaijibu ardhi. Miaka minane hivyo hivyo. Sasa Mama akiwa kikosini na akitaka Radi, kapiteni atafanya nini? Atatazama chini!

Wakati mwingine najiogopa.

Jumatano, tarehe 9 Julai

Leo ni siku ya shirika, yaani familia za mtaa wetu zinaposali pamoja nyumbani kwa mmoja wao. Nilifika mapema nikabeba mabenchi. Mama alinipima homa kwa kiganja.

Wakati wa matangazo niliomba neno. Nikasema vijana wa mtaa wanalinda daraja, wanahitaji sala na vidole gumba. Mama akauliza daraja gani. La kwenye simu. Akauliza nani analishambulia. Mashine. Mama Arlette akasema mashine zilishamchukulia mume wake kazi, kwa hiyo yeye anakuja, tena leo.

Akina mama kumi na mmoja! Kumi na mmoja! Sharti lao lilikuwa moja. Katika shirika letu anayeleta jambo hupewa kazi moja ya shirika, na kazi iliyobaki wazi ni ya kubeba mabenchi. Miezi mitatu. Nimekubali hapo hapo. Mabenchi ni nini mbele ya Radi?

Alhamisi, tarehe 10 Julai

Mwanachama mpya hapigi kura mpaka apeleke mzigo mmoja wa shaba ghalani. Kwa hiyo nimefundisha akina mama kumi na mmoja kuchimba. Watatu wamesahau miwani. Mmoja ameshika simu kichwa chini, askari wake akatembea hivyo hivyo, na amefika.

Mama Arlette alilalamika kwamba aliacha kuchimba kule Kakanda kwa sababu ya mgongo, na sasa namrudisha shimoni tena bila malipo. Alipoanza, hakuacha. Saa mbili mfululizo! Tatizo ni salamu. Askari wawili wakikutana wanasimama, wanaulizana habari za nyumbani, za watoto, za mguu uliokuwa unauma. Katikati ya uwanja wa mabomu.

Saa kumi na moja Georges alirudi kutoka kazini, akafungua simu, akaona jina la Mama Marceline linapanda njia na sururu begani. Alipiga kelele. Kisha akamrusha askari wake kwenye mtaro akabaki humo, amelala kifudifudi, mpaka mkwe alipopita.

Furaha! Nimekula bukari, ugali wetu, mara mbili.

Ijumaa, tarehe 11 Julai

Msiba.

Nilidhani kila mama atabonyeza pale nilipomwonyesha. Sikuwafikiria vizuri watu hawa. Akina mama wa shirika hawapigi kura hivi hivi. Waliitisha mkutano. Wakafungua kwa sala. Wakachagua katibu wa kuandika. Kisha wakaniita nieleze hoja yangu.

Nikaeleza Radi. Vizuri kabisa, kwa mikono. Mama akauliza mizinga ni mingapi. Mmoja. Watu wangapi? Sasa ishirini na mmoja. Atakayeushika ni nani? Nikakohoa. Mama akasema: "Sahani moja, kijiko moja, na mwenye kijiko njo weye!" Wakacheka. Katibu akaandika.

Halafu Mama akashuka kwenye orodha mpaka chini, mahali ambapo kwa miezi mitatu hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika. Akakuta Jiko la Kambi: sufuria moja, aliye karibu nayo anakula na vidonda vinapona. Akauliza kama wanakula kwa zamu au wote pamoja. Wote pamoja, nikajibu, kwa sababu mimi ni mjinga. Mjadala ukafungwa.

Matokeo: Jiko kura kumi na moja. Ngao tisa. Radi moja. Mama yangu mzazi!

Na Georges? Angesemaje, na mkwe ndiye aliyeamua? Alitoka nje akachukua nyundo akaanza kuvunja makaa, makaa ambayo yalikuwa yamevunjika tayari. Blaise ameandika kwenye kundi kwamba ananishukuru sana, Jumapili tutapiga mashine za chuma kwa mwiko.

Jumamosi, tarehe 12 Julai

Kapiteni peke yake ndiye anayeweza kumwondoa mwanachama. Nimemwendea Georges kwa unyenyekevu, nikamwomba awafute akina mama wote kumi na mmoja kabla ya kesho. Akauliza kama nataka amfukuze mkwe wake kwa kidole chake mwenyewe, kisha watoto wake waje wazaliwe bila meno. Watoto wake wameshazaliwa na meno wanayo. Sikumkumbusha.

Nikaenda kwa Mama, nikamwomba ajitoe kwa hiari. Akasema aliyewasha moto hakimbii moshi. Akanipa kazi: kesho vitani nitachota maji mtoni nipeleke kwenye Jiko. Kwa hiyo nimeshuka. Jumatatu nilikuwa mbeba risasi, leo ni mbeba maji.

Mazoezi yalikuwa aibu. Sisi wa zamani sebuleni, akina mama uani, maana Georges hawezi kukaa nao. Kapiteni akitaka kumwambia mkwe arudi nyuma, anamwambia Carine jikoni, Carine anatoka kwenda uani, anamwambia Mama, Mama anauliza kwa nini, Carine anarudi. Amri moja, dakika nne. Carine amesema viatu vyake vikiisha atatudai vipya.

Jumapili, tarehe 13 Julai

Niandike kwa utaratibu.

Saa tisa, baada ya misa na chakula. Mashine zilikuja nyingi, nyingi sana. Na Jiko, lazima nikubali, lilifanya kazi! Mtu anapigwa, anarudi sufuriani, anapona, anasonga. Mama alisimama pale na mwiko kama yuko harusini, anaita watu kwa majina. Nusu saa hatujapoteza hata mmoja. Georges alipigana vizuri, nyuma ya ukuta, mgongo kwa mkwe wake. Mimi nilichota maji. Mara kumi na tisa.

Safari ya ishirini, pale mtoni, mashine kubwa ikaanguka. Na kilichodondoka kutoka mgongoni mwake kilikuwa kirefu na cheusi. Radi!

Sheria inasema silaha ya kuokota ni ya wote, ipelekwe ghalani ipigiwe kura. Naijua. Nikaangalia kushoto. Nikaangalia kulia. Nikaichukua.

Risasi ya kwanza: mashine tatu chini! Hakuna aliyeona. Nikapaza sauti, Georges, tazama! Hakutazama. Basi nikageuka kumwelekea, na mzinga wangu mkononi, ili anione vizuri. Kidole kilikuwa bado kinabonyeza.

Nikalipiga Jiko. Na Mama.

Mtu aliyeanguka ana sekunde thelathini. Lazima mwenzake apige magoti ampe pumzi kwa kumkandamiza kifua. Mimi nilikuwa mbali, na mwenye Radi hawezi kukimbia. Uani akina mama wakaacha vita, simu chini, wakaanza kulia kilio chenyewe, mikono kichwani, Mama Arlette amekaa vumbini. Mama alikuwa katikati yao akiwaambia bado hajafa.

Aliye karibu naye darajani alikuwa Georges. Hatua mbili.

"Niguse mukwe wangu kifua? Miye? Afazali daraja ianguke!" Jasho lilimtoka, kwa baridi hii. Numbi alimpigia kelele. Blaise alimpigia kelele. Zikabaki sekunde kumi. Ndipo sauti ikaja kutoka dirishani, na kwa miaka minane sijawahi kusikia Mama akimwita kwa jina:

"Georges, mwana wangu! Ulete kuku, haya iishe! Uniinue, niko nakufa!"

Kwetu kuku huondoa haya kati ya mkwe na mkwe, kila mtu anajua, ila huwa wanangoja wazee na siku maalumu. Georges akapiga kelele: "Kuku mbili!" Akakandamiza. Mama akasimama zikiwa zimebaki sekunde mbili, akaenda moja kwa moja kwenye sufuria, akaiinua. Daraja limesimama. Ghala letu salama!

Halafu Mama akaingia sebuleni kwa mlango wa mbele. Georges akasimama. Akamtazama usoni. Akasema polepole hakujua kwamba macho ya Mama ni yale yale ya Carine. Carine akalia, Georges akalia, wakakaa meza moja wakala sombe, majani ya muhogo, kutoka sahani moja. Nililia na mimi. Nilikuwa na furaha kwa ajili yao, na wivu pia, vyote viwili.

Kisha Mama akaweka kijiko chini, akauliza ni nani aliyempiga kwa nyuma.

Jumatatu, tarehe 14 Julai

Shirika limekaa kikao cha dharura, kwa ajili yangu. Kuku wawili nitawatoa mimi, maana Georges aliinua tu, mwangushaji anajulikana. Kuhusu mabenchi, sasa ni mpaka Krismasi.

Radi imepelekwa ghalani na kura ikapigwa ya nani aishike wiki hii. Mama, kura ishirini na moja kati ya ishirini na moja. Ndiyo, na yangu. Walipiga kwa kunyoosha mkono, na katibu alikuwa ananitazama.

Georges hatoki kwa Mama. Anamuuliza kila kitu, mpaka bei ya makaa. Nilikaa mezani mbele yake asubuhi nzima nikingoja neno. Hata tusi. Mwishoni akainua kichwa, akanitazama, moyo wangu ukaruka. Akaniomba chumvi.

Sawa. Nimejifunza. Kosa langu lilikuwa kuchagua mzee asiyefaa.

Baba yake Georges, Papa Banza, anafika Jumatano kutoka Mulungwishi, anakaa wiki mbili. Georges hajawahi kumbishia baba yake. Na Mama naye anamheshimu mno, hawezi kumkatalia kitu mbele ya watu. Mzee ana simu mpya! Nimempigia saa nne, nikamweleza Radi ni nini na inamfaa nani. Amekubali mara moja. Ameomba jambo moja dogo tu: hawezi kuamua peke yake, je, anaweza kuja na wazee wenzake saba ili kwanza walizungumze?

Nimemwambia karibuni wote. Kura nane!