Namba Inayogawanya

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa sita
Umuhire, binti yangu, amepata 6 kwa 20 katika hesabu! Masomo mengine anaweza. Kugawanya ndiko kunamushinda. Mutihani ni wiki ijayo. Akianguka anarudilia mwaka wa tano, na wenzake wanamuacha. Amelia tangu saa ya chakula.

Mwalimu Honoré amejitolea kubakia naye kiisha masomo, bure. Mama Umuhire anasema tukubali. Aka! Jirani yetu Papa Josias akisikia, atanicheka mpaka Krismasi. Nimekataa. Nitamufundisha mwenyewe. Nilisoma Uganda, kule ukimbizini, na hesabu nilikuwa wa kwanza.

Jumatano, tarehe 4
Tumegawanya viazi vya Kibumba, meza nzima. Umuhire anasema darasani namba inayogawanya inaandikwa kuume. Nikamuambia mwalimu amekosea, inakaa kushoto. Mutoto mutiifu. Amenisikiliza.

Ijumaa, tarehe 6
Interro ya leo, lile jaribio dogo la darasani: 2 kwa 20. Mama yangu! Katika zile sita zake nimemunyang'anya nne!

Mwalimu ameniita. Kumbe wote wawili tuko sawa: Uganda inakaa kushoto, Kongo kuume. Mutoto aliandika yangu, mwalimu akasoma yake. Mia mbili kugawanya kwa nne ikageuka nne kugawanya kwa mia mbili. Nilitamani ardhi inimeze. Hakunicheka. Aliniuliza tu kama sasa anaweza kubakia na Umuhire. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Jumamosi, tarehe 14
Leo shule imetangaza matokeo ya mutihani: 14 kwa 20! Amepita! Alimukimbilia mwalimu kwanza, kiisha akanirukia shingoni, akasema asante papa kwa kukaa naye kila jioni. Mimi niliyemuharibia! Nimelia mbele ya wazazi wote, wala sijali. Mungu amubariki yule mwalimu. Amubariki na Mama Umuhire, ambaye hajanikumbusha neno hata moja. Ananitazama tu.

Jumapili, tarehe 15
Kiisha misa Papa Josias ameuliza nani amemuinua mutoto. Nimejibu kwa unyenyekevu mukubwa: mimi. Akanishika mikono yote miwili. Kumbe mutoto wake Josias ameanguka Kifaransa, na anaomba nimusaidie. Jirani mwema kweli, namna gani sikumuona hivyo tangu zamani? Tunaanza kesho.

Mama Umuhire anauliza Kifaransa nilikisomea wapi. Kukisomea kwa nini? Ninakisikia kwa redio kila siku.