Chai Baridi ya Mama Christina

Telesfori aliingia dukani kwa Gervas kununua sigara moja, akatoka na mpango wa kuiba friji. Neno "kuiba" lingemuudhi sana. Yeye katika maisha yake hajawahi kuiba kitu; watu humpa wenyewe, humshukuru, na wengine humsaidia kubeba.

Kosa lilikuwa la Gervas. Oktoba ile ya mwaka wa uchaguzi jua la Mpanda lilikuwa linakaanga mabati, na Gervas, ili mgeni aliyevaa tai asidhani mji wote ni wa washamba, alimkaribisha maji yenye barafu. Telesfori akaitazama barafu ikielea. Akauliza kwa upole, kama padri anayeulizia dhambi:

"Hii mnaipata wapi?"

"Humu ndani. Nina friji la mafuta ya taa," alisema Gervas, akijitahidi lisisikike kama jambo kubwa. "Nililinunua kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Mtaa mzima ni hili tu."

Friji lilikaa sebuleni, limefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Ndani yake mlikuwa na maji, barafu, na heshima yote ya Gervas. Barafu hakuiuza wala hakuigawa. Majirani waliruhusiwa kuja kuangalia.

"Mungu ni mkubwa," alisema Telesfori, akaketi kabla ya kuambiwa. "Wiki nzima nalitafuta friji kama hili."

Sigara ilipokwisha, Gervas alikuwa ameshajua kwamba mgeni wake ni Afisa wa Vinywaji vya Kitalii, cheo ambacho hakuna serikali iliyowahi kukiota. Kwamba Sitalike, pale mlangoni mwa hifadhi, kuna kambi kubwa ya wazungu. Na kwamba wazungu hao, wakishatazama viboko, hupatwa na kiu isiyokubali soda wala bia. Hukubali chai ya barafu tu.

"Yaani chai iliyopoa?" aliuliza Pudensiana, mke wa Gervas, ambaye mtaani wanamwita Mama Christina. Alikuwa anapima sukari.

"Iliyopoa ni bahati mbaya, mama. Hii inapozwa kwa makusudi."

"Acha ushamba, Mama Christina," alisema Gervas, mtaalamu wa chai ya barafu tangu dakika ile.

Masomo yakaanza kesho yake, na hapa inabidi tumtendee haki Telesfori: katika uongo wake wote, mapishi yalikuwa ya kweli. Aliwahi kuosha glasi kwenye hoteli moja ya watalii Arusha, na macho yake hayakuwahi kuosha glasi; yalikuwa kwa wapishi.

"Maji yakichemka, epua," alimwambia Pudensiana. "Majani ya chai tia nje ya moto. Nyie mnayachemsha mpaka yanaungama."

Alimfundisha kufunga mchaichai fundo na kuuzamisha pamoja na nanaa, kufunika sufuria, kuchuja kabla ya uchungu kutoka, na kutia asali ya Inyonga wakati chai bado ya moto ili iyeyuke. Kisha ipoe yenyewe. Ndipo ikamuliwe ndimu, itiwe maji ya pasheni na vipande vya nanasi, iingie kwenye friji.

Gervas alionja, akafumba macho. Alipofumbua, alijiona amesimama Sitalike anapokea dola.

"Sasa limebaki jambo dogo," alisema Telesfori. "Friji liende Tabora likapimwe ubaridi. Ubaridi wetu na ubaridi wa kizungu si mamoja. Likishagongwa muhuri, linarudi kwa treni ijayo."

"Na chai?" Gervas alinong'ona, akisugua vidole. "Huko Tabora wakubwa hawatataka chochote?"

Telesfori akasimama, mkono kifuani. "Mzee, usinitukane. Ofisi yetu ni safi. Mimi rushwa sitoi wala sipokei." Alilisema hilo dukani, akalisema kisimani, akalisema kanisani baada ya misa, mpaka mtaa mzima ukamjua kuwa ndiye mtu safi pekee aliyewahi kupanda treni.

Gervas, ambaye naye hakuwa mjinga wa bure, alitaka kitu cha kushikilia mpaka friji lirudi. Telesfori akamwachia radio kaseti kubwa ya spika mbili. Radio hiyo alipewa na mkulima wa tumbaku wa Urambo, ili aipeleke ikarekebishwe mawimbi.

Usiku Pudensiana alimwambia mumewe, "Baba Christina, dada yangu Dorotea anauza maandazi palepale Sitalike. Kungekuwa na kambi kubwa, si angekuwa ameshaiuzia?"

"Dorotea anajua nini? Mambo ya ofisi hayapiti barabarani."

Pudensiana alijua Gervas anaweza kubishana na mkewe, na katekista, na hata mvua, ila hajawahi kubishana na tai. Asubuhi akajifunga kanga, akaenda stesheni kumsalimia Methusela, karani wa mizigo, waliyekulia naye Kibaoni.

Siku ya safari, friji lilifika stesheni kwa mkokoteni, mtaa mzima nyuma yake kama maandamano. Methusela alilizunguka polepole.

"Mzigo mzito huu, mkuu," alimwambia Telesfori. "Na mimi tangu asubuhi sijanywa chai."

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Mkono wa Telesfori ulikwenda mfukoni wenyewe, kwa mazoea ya miaka. Kisha akaona macho ya mtaa mzima, waumini wake, yakiufuata mkono ule, nao ukagandia njiani.

"Chai ipo!" alidakia Pudensiana kwa furaha. Akafungua chupa, akammiminia karani kikombe kilichojaa.

Methusela akanywa funda moja, akalitema puu!

"Chai ya baridi? Mnanipa mimi chai ya baridi? Kwetu hii anapewa mgeni tunayetaka aondoke! Haya, hati ya friji iko wapi? Kibali cha ofisi yako? Huna? Basi twende kwa polisi pale, watakusaidia kukitafuta."

"Ndugu yangu, hii ni chai ya kitalii…"

"Polisi nao watalii!"

Treni ikapiga honi. Telesfori alilitazama friji, akawatazama polisi waliokuwa wanasogea, akaona ni heri kuwahi kazi za taifa. Alidaka mlango wa behewa, tai ikipepea begani.

Gervas akakimbia pembeni ya treni. "Tusamehe, mheshimiwa! Wake zetu hawajasoma! Radio nitaitunza kama jicho!"

Gervas akarudi anahema, macho mekundu. "Umeniua, Mama Christina! Watalii wote wale!" Akaushika mkokoteni, akaanza kulirudisha friji nyumbani, akilipangusa vumbi kwa shati lake.

Watu walipotawanyika, Methusela alisogea karibu, akashusha sauti.

"Dada, ile ya baridi imebaki?"

"Si umeitema mbele ya watu?"

"Pale nilikuwa kazini," alisema Methusela, akinyoosha kikombe. "Sasa treni imeondoka."