Malalamiko Dhidi ya Msimamizi Mwingine

Kamati ya Maji,
Mgori, Singida.
Jumatano.

Kwa Fundi Mkuu wa Seva
(ambaye nyumbani ni mwanangu Clement)

YAH: SEVA KUKOSA ADABU, NA MTU MMOJA KUKOSA HOFU YA MUNGU

Ndugu Fundi,

Bwana Yesu asifiwe. Leo nakuandikia kama katibu wa kamati, si kama shangazi yako, kwa hiyo shikamoo yako nitaipokea Jumamosi harusini. Sisi hatujambo, isipokuwa kwa haya yafuatayo.

Ulipotuwekea ile seva ofisini ili ifungue koki za mitaa kwa ratiba, tulipiga vigelegele. Ukatuonyesha kwenye skrini: bonyeza Funga Uhariri ili mwingine asiguse, badilisha saa, bonyeza Hifadhi, malizia na Tekeleza. Wasimamizi tukawa watatu: mimi, mwenyekiti wetu Mzee Zefania, na Dorika wa kioski cha maji. Kompyuta yenyewe nikaifunika kwa kitambaa cheupe nilichokifuma kwa mkono wangu, chenye maua pembeni, maana vumbi la huku unalijua. Nakitaja kitambaa ili uone kwamba upande wangu hapakuwa na uzembe.

Sasa malalamiko.

1. Seva haina heshima. Naingia, naandika jina, naandika neno la siri, haisemi hata habari za asubuhi. Nikigusa kitu inauliza, "Una uhakika?" Mimi, mama mzima, mzee wa kanisa! Mchungaji aliyenifungisha ndoa aliniuliza mara moja tu, na lile lilikuwa jambo la maisha. Hii inanihoji kwa ajili ya saa za bomba.

2. Seva inasema uongo. Zamu ya Mtaa wa Juu, yaani kwetu, ipo Jumapili asubuhi, wakati sote tuko ibadani. Maji yanatoka yakiangaliwa na kuku. Sasa mdogo wako Damari anaolewa Jumamosi hii, na wageni wanatoka Itigi na Mitundu wakiwa na vumbi na njaa. Kwa hiyo Jumatatu nilikwenda ofisini nikaihamishia zamu yetu Ijumaa, siku ambayo haina mtaa. Nikabonyeza Hifadhi. Ikaandika yenyewe, "Mabadiliko yamehifadhiwa." Nikapiga magoti pale pale kushukuru. Mara kengele ya maombi ya akina mama ikalia, nikaifunika mashine vizuri na kitambaa chake, nikaondoka zangu. Jana nachungulia kwa simu ya Damari, kama ulivyotuelekeza: bado Jumapili! Sasa kilichohifadhiwa kimehifadhiwa wapi? Mimi nikikuambia nimehifadhi mahindi, ukija utayakuta.

3. Hapa ndipo penye uchungu. Nilipotaka kurudia mabadiliko kwa ile simu, ikaandika: "Uhariri umefungwa na msimamizi mwingine." Msimamizi mwingine! Jina haitaji, kama mtu anayeogopa kuitwa shahidi. Nikaenda kwa Mzee Zefania kwa heshima zote. Akaapa hajaigusa tangu siku ilipomwandikia maneno mekundu, alidhani ameiudhi. Nikaenda kioskini kwa Dorika. Yule hakuapa, alicheka. "Mama Damari, iambie seva yako ibebe ndoo basi!" Mbele ya watu wenye madumu yao. Mimi nikamwachia Mungu, halafu nikaja kukuandikia wewe.

4. Huyo aliyeshika kufuli anajua fika kuna harusi. Bibi harusi aoge nini? Wali tuupike kwa mate? Nimeliombea jambo hili na nimepata amani ya kupendekeza kwamba mtu huyo aondolewe kwenye kamati. Asikae viti vya mbele ibadani mpaka mvua za kwanza. Na awachotee maji Mtaa wa Juu wote, nyumba kwa nyumba, ndoo kichwani, bila punda. Jina lake litangazwe kanisani na msikitini pia, kwa kuwa bomba ni la wote.

5. Kuhusu seva yenyewe. Ifundishwe shikamoo. Kitufe cha Tekeleza kipelekwe mkutano wa kijiji, kiwe kinapigiwa kura kwa kunyoosha mikono. Kile cha Funga Uhariri wakabidhiwe mchungaji na imamu, wakibonyeze kwa pamoja, na mmoja akiwa msibani koki zisubiri. Haya yote yakishindikana, njoo uichukue seva yako, kazi ya kufungua koki arudishiwe Mzee Mughwai na spana yake. Mughwai alikuwa akichelewa, sikatai. Lakini alikuwa anasalimia, na hakuwahi kumwuliza mtu kama ana uhakika.

Nakala za barua hii nimewapelekea mchungaji na imamu. Naomba majibu kabla ya Ijumaa, kwani majibu ya Jumapili hayaoshi sufuria.

Msalimie sana mkeo Ritha, mama mkwe wako, majirani, na yule mlinzi wa ofisini kwenu ambaye hapitwi na mtu bila kumjulia hali.

Wako katika kazi ya maji na ya Bwana,

Redempta,
Katibu.

Nyongeza: Mwanangu, sasa naandika kama shangazi. Nimekuja ofisini kuipiga barua muhuri, nikaona kile kitambaa nikichukue kikapendezeshe meza ya maharusi. Nimekiinua. Chini yake skrini inawaka tangu Jumatatu, imeandika: "Uhariri umefungwa na Redempta. Mabadiliko yanasubiri kutekelezwa." Kumbe kuifunika siyo kuizima, na nikiingia kwa simu inaniona mtu mwingine. Nimebonyeza Tekeleza. Imeniuliza kama nina uhakika, nikaona ni swali zuri tu. Zamu yetu sasa inasoma Ijumaa.

Kwa hiyo namba nne isomwe kama wazo. Shida ni kwamba nakala ya mchungaji imeshaondoka na Urbano wa bodaboda, na mchungaji amejibu kwamba jambo hili ni zito, atalisoma kwenye matangazo. Mpigie wewe, anakusikiliza. Dorika usihangaike kumpigia. Alikuwa amesimama mlangoni nilipoinua kitambaa, na barua hii ilikuwa wazi mezani, namba nne ameshaisoma. Ameniuliza tu nitaanza na nyumba ipi.

Kitambaa kingine nimeshaanza kukifuma. Hiki nakiachia tundu pale jina linapoandikwa.