Wokovu wa Saa Tisa na Robo

Umma wote unatangaziwa kwamba mwaka huu Kombe la Taifa la Mtoano halitachezwa ovyo ovyo. Ndivyo ilivyoanza barua ya Kamati ya Bonde la Kati, yenye mihuri mitatu na agizo moja zito: timu isipoingia uwanjani kufikia saa tisa na robo, mpinzani wake atapewa wokovu.

Mama Nerima, mlezi wa Mwangaza FC ya mtaa wa Free Area, aliisoma mara mbili na miwani, mara moja bila.

"Bwana Katibu," alimwuliza Khaemba ofisini, "si mlitaka kuandika wokova? Ile ya kushinda bila kucheza?"

"Tulitaka, mathe. Lakini muhuri ilishagonga. Muhuri ikigonga, kosa inakuwa sheria."

Mama Nerima aliinamisha kichwa kwa heshima. Alikuwa ameokoka tangu mumewe akiwa hai, na hakujua kuwa wokovu hutolewa pia kwa fotokopi.

Wokovu wenyewe uliipenda sana timu moja, Chui FC, mali ya Makhanu, Mwenyekiti wa Kamati yenyewe. Raundi ya kwanza wapinzani walielekezwa Sachangwan, mechi ikawa Ndabibi. Raundi ya pili wakaelekezwa Ndabibi, mechi ikawa Sachangwan. Nusu fainali wapinzani walifika, lakini geti lilikuwa limefungwa kwa ajili ya usalama wa geti. Chui wakatinga fainali bila kugusa mpira, na Kamati ikawapongeza kwa nidhamu: hata kadi moja ya njano hawakuwa nayo.

Waliobaki ni Mwangaza. Mshindi angeenda Nairobi, mbele ya makocha wa ligi kuu.

"Mama, mimi niko ishirini na sita," alisema kapteni Kipruto. "Ni leo ama ni kubeba mawe kwa mjengo."

Mama Nerima hakubishana na mtu. Siku ya fainali aliwaingiza vijana uwanjani saa mbili asubuhi, akawapa chai na viazi vitamu nyuma ya goli, kisha akaketi getini na Biblia yake.

Saa nane na nusu Mwenyekiti aliwapanga Chui hemani, nje ya mstari wa uwanja, jezi mpya kifuani, wasikilize hotuba yake: "Umuhimu wa Kuzingatia Wakati." Saa tisa alikuwa bado anawatambua wageni. Saa tisa na dakika kumi kapteni wa Chui aliinuka.

"Keti! Mkubwa akiongea hakuna kutoka!" Mwenyekiti akafoka.

Mwangaza wakiwa wameshajipanga katikati ya uwanja, Mama Nerima alimsogelea refa Cheptanui, aliyetumwa kutoka Nairobi, akamkabidhi barua ya Kamati. Cheptanui akaisoma, akangoja mshale wa saa ufike robo, akapuliza.

"Hiyo firimbi ni ya nini?" Mwenyekiti akauliza.

"Mwangaza wamepata wokovu."

"Haiwezekani! Hilo ni kosa la kuchapa!"

Khaemba akakohoa. "Muhuri ilishagonga, boss."

Makhanu akabaki na makaratasi mkononi, ukurasa wa tatu kati ya tisa. Mama Nerima alivuta kiti cha mbele, akaketi, akapanga leso yake magotini.

"Endelea tu, baba," alisema. "Sasa tuko na wakati."