Malalamiko ya Tatu Dhidi ya Mwanamke wa Darini

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Kwa Msimamizi wa Ukumbi wa Sinema,
Mlango wa bluu, mkabala na kiwanda cha magodoro.

Ndugu Msimamizi,

Nakuandikia leo kama mtazamaji aliyeingia kwa tiketi, si kama shemeji yako. Mambo ya ushemeji nimeyaweka pembeni, nitayagusa nikifika kwenye salamu.

Jumamosi mchana nilisoma tangazo ulilobandika mlangoni, chini ya picha ya yule mwanamke mwenye nywele zilizomfunika uso. Linasema kwamba filamu yake imewatisha watu kupita kiasi. Kwamba mwenye malalamiko ayalete kwa maandishi kabla ya Ijumaa. Na kwamba yakifika matatu, sauti ya msimulizi itafutwa kwenye kanda na filamu isimuliwe upya na mtu mwingine. Nimesikia mawili yameshafika, moja la fundi cherehani na jingine la mwalimu wa hesabu. Basi hili ni la tatu.

Jambo hili unalijua, lakini barua rasmi haitakiwi kudhani, kwa hiyo naliandika. Msimulizi wa filamu hiyo alikuwa mume wangu, mliyemwita Kipaza, aliyefariki miezi saba iliyopita. Kwa miaka kumi na mmoja alizichukua filamu za lugha za mbali akazisimulia kwa Kiswahili juu ya kanda, akiwasemea wanaume, wanawake, mbwa na ikibidi upepo. Kanda zake nyingine zote ziliharibika siku bati la ukumbi lilipovuja. Imebaki hii moja.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu jikoni. Mume wangu alikuwa mwoga. Hili hamkulijua, na nimelificha miaka yote kwa heshima yake. Filamu za mapenzi alizisimulia akiwa amekaa, za vita akiwa amesimama, lakini za kutisha alizisimulia akiwa amefunika televisheni kwa taulo letu la kijani. Aliitazama filamu mara moja tu, kupitia katikati ya vidole, akajaribu kukariri. Baada ya hapo alisimulia kwa kusikiliza tu. Ndiyo maana, yule mwanamke anaposhuka kutoka darini na kuingia bafuni, sauti inasema, "Sasa anaingia jikoni." Kwenye kioo cha sinema watu wanaona bafu, wanaona ndoo, wanaona sabuni. Jiko hawalioni popote. Hapo ndipo kila mmoja anapolikumbuka jiko la nyumbani kwake na roho kumruka.

Matokeo yake unayaona mtaani. Fundi cherehani hajaingia jikoni kwake tangu filamu ianze kuonyeshwa. Anakula mkate mkavu juu ya cherehani, na wiki iliyopita alimshonea mteja suruali yenye makombo kwenye mfuko. Mke wake, ambaye ni rafiki yangu, aliniambia, "Dada, mimi sina neno. Miaka ishirini mwanaume huyu alikuwa anadokoa nyama kabla haijaiva. Sasa chungu changu kinafika mezani kizima." Wanawake wengine watatu wameniambia hivyo hivyo. Lakini mimi nalalamika kwa niaba ya wanaume, kwa kuwa hawana wa kuwasemea.

2. Kuhusu kishindo. Mwanamke wa darini anapogeuza shingo, kunasikika kishindo cha chuma kinachozunguka sakafuni, kinakwenda kikififia mpaka kinalala. Jumamosi nilimwona mchomelea vyuma, mtu mwenye mikono kama mapaja, akimkumbatia asiyemjua. Nikasikia wakibishana kama ni mnyororo wa kaburini au ni pete ya jini.

Ndugu Msimamizi, ni kifuniko cha sufuria. Kiliniponyoka mimi. Unakumbuka kwamba mume wangu hakuweza kurekodia ofisini kwenu kwa sababu ya kelele za huyo huyo mchomelea vyuma, akawa anarekodia chumbani kwetu, kati ya kabati na ukuta, Jumapili alasiri. Unakumbuka pia kwamba mashine yenu ilikuwa haisimami katikati: ukianza umeanza, ukikosea umekosea. Nilitaka kukidaka nikashindwa. Alinitazama tu, akaendelea kusimulia, nami nikabaki nimekaa sakafuni nimeziba mdomo, nacheka mpaka machozi. Sipendi watu wazima waendelee kuteseka kwa sababu ya sufuria ambayo mpaka leo napikia.

3. Kuhusu maneno yasiyo ya filamu. Watazamaji wanayasifu sana maneno yale yanayosemwa msichana anapoikaribia ngazi ya dari: "Usipande. Nimesema usipande. Subiri nije mwenyewe." Nilikuta wauza duka wawili wakiyarudia nje ya ukumbi, mmoja akisema, "Hapo, kaka, Kipaza aliua!" Mwenzake akamjibu, "Aliua nini, wewe si ulikuwa umejifunika shati!"

Msichana wa filamu hasemi wala haambiwi chochote hapo. Mimi ndiye niliyekuwa napanda. Nilikuwa juu ya kigoda, natafuta sukari juu ya kabati, na kile kigoda mguu wake mmoja ulikuwa mfupi. Alisahau kanda, akanisemesha mimi. Kisha akaja kweli, akaniteremshia sukari, ndiyo maana baada ya maneno hayo filamu inakaa kimya muda mrefu. Mwalimu wa hesabu ameandika kwenye malalamiko yake kwamba ukimya ule ndio uliomharibia usingizi. Sukari ilikuwa nyuma ya taa ya zamani, na kuipata kulichukua muda.

Nauliza kwa adabu: je, ni haki mambo ya ndani ya nyumba ya mtu kuonyeshwa hadharani, tena kwa tiketi?

4. Kuhusu heshima ninayopewa. Tangu filamu hii ianze, watu wananiogopa. Nikifika bombani na ndoo yangu, foleni inafunguka kama pazia. "Pita mama, pita tu, tangulia." Napita, najaza maji, narudi nyumbani, na kote huko hakuna aliyeniambia jambo. Mimi sikuwa nakwenda bombani kwa ajili ya maji peke yake. Foleni ndiyo iliyokuwa gazeti langu. Huu ni mwezi wa pili sijui nani ameolewa, nani amegombana na nani, wala mtoto wa muuguzi alipata nafasi ya chuo au hakupata. Mama mmoja alinong'ona nikiwa namsikia, "Mume wake bado anaongea." Wanadhani kwa kuwa anaongea ukumbini, atakuwa anaongea na nyumbani.

Nyumbani haongei.

5. Kuhusu kikohozi. Hapa naomba usome polepole, kwa kuwa hili ndilo lililonitoa ukumbini kabla filamu haijaisha, na wala si kwa sababu ya woga kama muuza tiketi wako alivyotangaza.

Karibu na mwisho, chumba kikiwa giza tupu, kuna mtu anakohoa. Anakohoa mara tatu, kisha anasema kwa sauti ya chini, "Samahani." Ukumbi mzima hupiga kelele hapo. Mwalimu wa hesabu ameeleza kwa maandishi kwamba mzimu unaoomba radhi ni ule ambao bado haujafanya ulilokusudia. Kwa hesabu zake yuko sahihi.

Lakini kikohozi kile si cha mzimu. Ni cha mume wangu, na kilikuwa kikohozi cha kwanza. Aliniambia ni vumbi la kabati. Nikalifuta kabati. Jumapili iliyofuata nikalifuta tena. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, ila hawakusema mke wa mficha maradhi afanye nini na kitambaa chake cha vumbi. Na ile "samahani" aliwaambia ninyi, watazamaji, kwa sababu alikuwa ameharibu kanda na hakuweza kurudi nyuma. Watu mia moja na zaidi walipiga kelele Jumamosi, na nadhani mimi peke yangu, niliyekaa kimya, ndiye niliyeogopa kitu cha kweli.

6. Kuhusu mfano mbaya. Lalamiko hili ni dhidi ya mwanamke wa darini mwenyewe. Katika filamu anakufa mara tatu. Anazikwa, watu wanalia, wanakwenda zao, na kabla mtazamaji hajamaliza karanga zake, huyo karudi. Hana shughuli yoyote. Anasimama tu kwenye kona. Tena kila Jumamosi saa tisa mchana anarudi upya, kwa saa, kama mfanyakazi wa serikali.

Sasa mimi nina mtu aliyekuwa hachelewi. Akisema saa kumi, saa kumi kasoro unasikia viatu vyake. Ana sababu za kurudi: miwani yake ipo, radio aliiacha imefunguliwa vipande juu ya meza na hakuna anayejua skrubu ipi inakwenda wapi. Miezi saba. Nikilinganisha, naona mwanamke huyu anapendelewa bila sababu, na ninyi mnamsaidia kuwafundisha wafiwa kutegemea yasiyokuwepo.

Kwa hiyo, kutokana na hayo, naomba yafuatayo: filamu isimamishwe. Ikishindikana, awekwe mtu mlangoni wa kuwatangazia watazamaji kwamba chuma ni kifuniko, jikoni ni bafuni, na anayekatazwa kupanda ni mimi. Ikishindikana hilo pia, filamu zote ambazo marehemu wanarudi zipigwe marufuku katika ukumbi wako, mpaka hapo atakapopatikana marehemu mmoja aliyerudi kweli, mwenye mashahidi wawili, ambaye ataulizwa alipitia wapi.

Kuhusu msimulizi mpya, yule fundi simu wa karibu na kituo, sina kinyongo naye. Nimemsikia. Ana sauti nzuri na haogopi chochote. Kuta zake hazitoi sauti ya sufuria. Watu watalala vizuri.

Nakushukuru kwa kuyapokea malalamiko haya kwa uzito wake.

Nisalimie mkeo, na umwambie kitambaa alichonishonea kipindi cha msiba bado nakitumia mezani. Nisalimie muuza tiketi, nimemsamehe. Msalimie mfagiaji, aliyeniletea mwavuli aliokuwa ameuacha mume wangu ofisini, akakataa hata maji ya kunywa. Wasalimie na wale wanaokaa mabenchi ya mbele, wenye kelele kuliko wote.

Ni mimi, mtazamaji wa benchi la nne, na shemeji yako pia,
Mke wa Kipaza

Nyongeza: Shemeji, barua ilikuwa imekwisha. Nikamsomea binti yangu, aliyekuja kunisaidia kukunja nguo. Alicheka kwenye sukari, akaacha kukunja kwenye kikohozi. Nilipomaliza akaniuliza, "Mama, si ulisema mawili yameshafika?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Kwa hiyo hii ndiyo inayomfuta baba."

Nilikuwa nimehesabu vizuri mpaka tatu, shemeji, ila sikuwa nimefika hapo.

Ningeichana, lakini nimeandika humu mambo yake mengi na mkono umekataa. Nakuletea mwenyewe. Iweke kwenye droo, uisome ukitaka, ila tafadhali usiihesabu. Akija mtu mwingine na lalamiko la tatu, mwambie aje kwangu kwanza, nitampa chai na nitamweleza kila kelele moja moja. Fundi cherehani nimeshaongea naye leo jioni. Nimemwingiza jikoni kwake nimemshika mkono, amefungua chungu mwenyewe, mkewe kakasirika, na lalamiko lake atakuja kulichukua kesho.

Onyesheni filamu kama mlivyokuwa mnaonyesha. Jumamosi nitakuja na kukaa mpaka mwisho, kikohozi na yote. Sihitaji kupitishwa mbele ya watu. Nitapanga foleni, na ninaomba foleni iwe ndefu. Mkishajaa mkataka kufunga mlango, tazameni nje kwanza. Mnikumbuke.