Sikuli na Gesi ya Lac Vert

Jumatatu, 4 Machi
Megafoni imepita mtaa wetu wa Majengo, hapa Goma, asubuhi nzima. Ijumaa tume inakuja ukumbi wa parokia kusikiliza wananchi kuhusu sera mpya ya gesi ya kupikia: nani aiuze, kwa bei gani, itoke wapi. Mwenye chanzo cha gesi hapa hapa nyumbani ajitokeze.

Nimejitokeza! Kiwanja changu cha Lac Vert kina shimo, na shimo lina mazuku, hewa ile inayopanda kutoka chini ya mawe ya volkano. Wote walinicheka nilipokinunua. Sasa watapika kwangu. Masika, mke wangu, alikuwa anapuliza mbabula, jiko letu la makaa, machozi yanamtoka kwa moshi. Akasema, "Papa Sikuli, ile haiko gaz ya kupikia. Iko mazuku. Inauaka mbuzi." Nikamjibu kwamba hata gesi ya chupa huua ukilala nayo imefunguliwa. Akaendelea kupuliza.

Baadaye aliweka sharti. Tume ikinikataa, kiwanja kinauzwa, na mimi nakwenda kuchonga chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, kwa mdogo wake Kasereka. Nikakubali haraka, maana sitakataliwa. Mimi chini ya shemeji! Afadhali niugue.

Jumanne
Lac Vert. Kazi ya kitaalamu. Nilijaza maji bidoni, dumu la plastiki, nikaishusha shimoni kwa kamba, nikavuta kamba ya pili niliyoifunga kitakoni, bidoni ikapinduka. Maji yakatoka, gesi ikaingia. Nani alinifundisha? Hakuna. Niliinama mno kidogo, kichwa kikazunguka. Furaha, bila shaka.

Muzee Ntirenganya, jirani anayechunga mbuzi, alinivuta kwa mkanda wa suruali huku akipiga kelele, "Sikuli, toka mule! Kila mutu hapa anajua ile shimo!" Wivu wa wazee. Nilifunga bidoni vizuri na kurudi mjini. Sikuijaribu. Gesi ya kuonyesha wakubwa haichezewi jikoni.

Jumatano
Habumugisha amekuja kunipeleleza. Anauza chupa za gesi kwenye kona yetu na anavaa viatu vilivyong'arishwa hata siku ya mvua. Aliuliza kwa upole kama gesi yangu ina harufu. Nikamwambia haina hata kidogo. Akasema ya kupikia hutiwa harufu ili watu wajue inapovuja. Nikamwambia ndiyo tofauti yetu: yake inanuka, yangu ni safi. Aliondoka akitikisa kichwa. Ameshindwa kabla ya Ijumaa, maskini.

Ijumaa
Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Madame Dorine wa tume aliongoza. Habumugisha alisema kodi za mpakani zipunguzwe, mizani ikaguliwe, na mama wa kawaida aweze kununua nusu chupa. Mambo makavu kabisa. Wakampigia makofi, hata Masika wangu!

Zamu yangu. Niliwasha mishumaa mitatu ya parokia mezani, nikatangaza kwamba kuanzia leo Goma itapika kwa gesi yake yenyewe, nikainamisha bidoni juu ya mwali.

Wa kwanza ukazimika. Wa pili ukazimika. Wa tatu haukungoja hata zamu yake.

Madame Dorine aliuliza, kwa heshima, hii ni gesi gani. Nikajibu kwa fahari: mazuku halisi, kutoka Lac Vert.

Sijawahi kuona watu wakimkubali msemaji kwa kasi hiyo. Mtu wa nyuma alipaza sauti, "Mazuku! Tukimbie!" na viti vikaanguka. Madame Dorine alitoka kwa kupitia dirisha na kuacha kiatu kimoja. Habumugisha alibaki kufungua milango yote, anavyopenda kuonekana. Mashauriano yameahirishwa hadi Jumanne, uwanjani.

Jumamosi
Masika ametimiza neno: kwake, tume kukimbia ni tume kukataa. Kiwanja amekichukua Muzee Ntirenganya, na tayari amezungushia shimo miiba ili mbuzi na watoto wasikaribie. Gesi ya mji mzima nyuma ya miiba! Iliniuma. Nililia kidogo nyuma ya nyumba, na Masika akaniletea chai bila kunicheka, jambo lililoniuma zaidi.

Mchana nilichonga gurudumu kwa Kasereka. Limetoka na pembe. Anasema nirudie.

Lakini mikono ikichonga, akili inafanya kazi, na sasa nimeelewa kosa la Ijumaa. Gesi ilifika ikiwa nzima, wote ni mashahidi. Nani alishindwa? Mishumaa! Mwali unaopulizwa kidogo tu na kufa hauwezi kubeba gesi yenye nguvu kama yangu. Jumanne nitaomba neno la kwanza. Nitawaambia tume waiache gesi kama ilivyo, waanze kurekebisha moto.